Ahmed Khalif: Mbunge aliyeitaja Wagalla wengine wakiwa kimya

Tuseme uko na miaka 20, unaishi Bulla Iftin pale Garissa, na rafiki yako anakwambia kura ni kazi bure. Ati mbunge ni mtu wa kuonekana kila baada ya miaka mitano, atoe za harambee, apotee. Kabla hujamkubalia, hebu nikupe stori ya Ahmed Mohamed Khalif.

Khalif alikuwa mtu wa Wajir, aliyezaliwa mwaka wa 1950. Ili umwelewe, elewa kwanza alikulia wapi. Akiwa bado mvulana, watu wengi wa Northern Frontier walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza ikakataa, nao Wasomali wa eneo hilo wakaususia uchaguzi wa Mei 1963. Desemba mwaka huo huo, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Unajua iliondolewa lini? 1991! Karibu miaka 28 ya watu kuwekwa ndani bila kesi, chini ya sheria ambazo mtu wa Kisumu au Machakos hakuzijua.

Khalif aliingia mjengoni mwaka wa 1979, akiwakilisha Wajir Magharibi. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Ukitaka kiti, unapitia huko, na ukishakipata unajua ya kusema na ya kumeza. Mwaka uliofuata, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa na vikosi vya usalama, wakazi wakafungiwa uwanjani kwenye shule ya msingi. Wazee wako wanaikumbuka vizuri, hata kama hawapendi kuizungumzia.

Halafu ikaja Februari 1984. Serikali ilisema inataka kunyang'anya silaha ukoo wa Degodia, uliokuwa kwenye mapigano na Ajuran. Tarehe 10, wanaume wakaanza kukusanywa na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Walikaa pale siku kadhaa kwenye jua kali, bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi. Wengine walikufa kwa kiu na mateso.

Sasa jiweke pale. Hakuna simu ya kurekodi, hakuna mtandao wa kuposti. Redio ni ya serikali. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 bado ni bichi, na kuzuiliwa kizuizini bila kesi ni jambo la kawaida. Katika hali hiyo, nani angefungua mdomo?

Khalif aliufungua. Machi 1984, akiwa katika miaka yake ya thelathini, alisimama bungeni na kueleza kilichotokea Wagalla. Alitaka serikali ijibu, na alikuwa na majina ya waliouawa. Mwezi uliofuata, serikali ilijibu kuwa waliokufa ni 57. Watu wa Wajir walijua hiyo si hesabu ya kweli. Lakini serikali iliyotaka mambo yaishie jangwani ilikuwa imelazimika kukiri mbele ya nchi nzima kwamba watu waliuawa.

Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Maneno ya bungeni huandikwa kwenye Hansard. Mama wa Wajir aliyepoteza mume hakuwa na njia ya kufika Nairobi kumuuliza waziri swali. Mtu aliyempigia kura alikuwa nayo. Na mwaka wa 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake, ilisema waliouawa Wagalla walikaribia 1,000. Manusura wanasema ni wengi zaidi ya hapo.

Khalif pia alikuwa katibu mkuu wa SUPKEM, Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya. Na hakuwa na kiti cha kudumu: uchaguzi wa 1997, Wajir Magharibi ilikwenda kwa Adan Keynan. Desemba 2002 wapiga kura wakamrudisha Khalif, na Januari 2003 Rais Mwai Kibaki akamteua Waziri wa Leba.

Hakumaliza mwezi. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri kutoka sherehe ya Moody Awori kule Busia iligonga nyaya za umeme ikipaa, ikaanguka. Khalif na marubani wawili walifariki.

Kwa hivyo, mwambie nini rafiki yako? Mwambie kwamba vijana wa huku kwa miaka mingi walinyimwa hata mlango wa kuingilia. Ukiomba kitambulisho, ulikuwa unapitishwa kwenye msasa ambao kijana wa kwingine hakuujua, na bila kitambulisho hakuna kura. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuuondoa msasa huo. Tangazo ni karatasi. Nenda ofisini ukalijaribu, chukua kitambulisho, kisha pitia IEBC ujisajili kabla ya Agosti 2027.

Na wakija kuomba kura, wacha kuuliza wana pesa ngapi au ni wa ukoo gani. Muulize kila mmoja swali moja tu: siku tukiumizwa na serikali, na chama chako ndicho kiko madarakani, utasimama useme?

Msikilize vizuri atakavyojibu. Halafu ukapige kura.