Ibn an-Nafis na Ukuta wa Moyo

Mjukuu wangu alipokuwa mchanga hakuweza kunyonya vizuri. Akianza tu, jasho lilimtoka na pumzi zikampanda. Tulimvusha kwa mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, tukashika njia ya Mombasa, na huko daktari akatuarifu kwamba moyo wa mtoto una tundu dogo katika ukuta unaotenga chumba cha kulia na cha kushoto. Damu ilikuwa ikivuja mahali isipopaswa kupita. Wenzangu walilia, mimi nilimkumbuka tabibu mmoja wa zamani ambaye kwa ajili ya ukuta huo aliwapinga wakubwa wa elimu yake.

Huyo ni Ala ad-Din Ali al-Qurashi, maarufu kwa jina la Ibn an-Nafis. Alizaliwa upande wa Damascus mwanzoni mwa karne ya 13, akasomea utabibu katika hospitali iliyojengwa na Sultani Nur ad-Din Zangi, kwa mwalimu aitwaye ad-Dakhwar. Baadaye alihamia Misri, na huko Cairo akapanda cheo hata akawa mkuu wa matabibu. Na wakati huo huo alikuwa mwanachuoni wa fikihi, akisomesha madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, katika madrasa ya Masruriya.

Yasemekana siku moja alikuwa hamamuni akioga, mara akatoka, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, ndipo akarudi kumaliza kuoga. Na alikuwa akiandika kutoka kichwani, bila kufunua vitabu.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe. Jalinus, yule Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kuwa damu hupenya kutoka chumba cha kulia kwenda cha kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Maneno hayo yalikaa zaidi ya miaka elfu moja, na Ibn Sina naye akayafuata. Ibn an-Nafis, akiwa kijana wa miaka 30 hivi, aliandika sharhe ya yale aliyoyasema Ibn Sina katika Qanun juu ya viungo vya mwili. Nakala moja ni ya mwaka 1242. Humo alisema waziwazi kwamba ukuta ule ni mnene na hauna tundu, la kuonekana wala la kutoonekana. Damu ya chumba cha kulia hapana budi iende mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha ndipo irudi chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa kati ya mshipa uendao na mshipa urudio lazima pawe na vipenyo vyembamba. Vipenyo hivyo Malpighi wa Italia aliviona kwa darubini katika pafu la chura mwaka 1661.

Wako wanaomsifu kupita kiasi, wakisema aligundua mzunguko wote wa damu. Sivyo. Mzunguko wa mwili mzima ulielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Tena yeye mwenyewe aliandika kuwa sheria na huruma yake vilimzuia kupasua miili, na wataalamu hadi leo wanabishana alijuaje.

Idi ya kuchinja iliyofuata nilimwomba mchinjaji wetu moyo wa mbuzi, nikauchana kwa juu. Upande wa kulia nyama yake ni nyembamba; wa kushoto ni nene, kwani ndio usukumao damu mwili mzima, ilhali mwenzake huipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Nikamimina maji chumba cha kulia. Hata tone halikupita kwenda wa pili. Nilipoubana moyo mkononi, maji yalichuruzika kwa mshipa wa mapafu, na watoto wote wa mtaa wakataka kujaribu.

Ibn an-Nafis alifariki mwezi wa Dhul-Qaada 687, yaani Desemba 1288, akiwa mzee wa miaka 80 hivi kwa hesabu ya Hijria. Katika ugonjwa wake wa mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, hakutaka kukutana na Mola wake na kitu hicho tumboni. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri iliyojengwa na Sultani Qalawun.

Habari ya ukuta ikasahauliwa na ulimwengu hadi mwaka 1924, pale daktari wa Kimisri, Muhyi ad-Din at-Tatawi, alipoikuta katika maktaba mjini Berlin.

Tundu la mjukuu wangu lilijiziba lenyewe kabla hajatiwa chuoni.