Mtoto wa Baiskeli Aliyelivika Gari Moshi Picha

Hapa kwetu Kaptagat, msomaji, kijana aliyekwenda ng'ambo kwa ajili ya mbio akirudi huleta medali, viatu na habari za baridi kali. Kijana mmoja wa jirani yangu, aliyekimbia miaka kadhaa huko Japani, alinijia na picha ya gari moshi. Alisema ameniletea mimi kwa kuwa nilimfundisha uchoraji shule ya msingi, na hamjui mtu mwingine ambaye angeipenda.

Nikavaa miwani. Behewa zima, toka mwanzo hata mwisho, lilikuwa limejaa vikatuni. Palikuwa na mtu mwenye kichwa cha panzi, macho mekundu makubwa kama mabakuli. Palikuwa na vijana wenye mavazi mekundu na skafu za manjano zilizopeperushwa na upepo. Nikadhani ni gari la sarakasi. Kijana akacheka. Akaniambia ni gari la abiria wa kila siku, hupandwa na wafanyakazi, wanafunzi na akina mama wenye vikapu, kutoka mji wa Sendai hadi mji wa bandari uitwao Ishinomaki. Aliyevibuni vikatuni vile, akasema, alikwisha kufa zamani.

Tangu siku ile nimekuwa nikimtafuta marehemu huyo katika kila kitabu na gazeti nililoweza kupata, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Jina lake la kuzaliwa ni Shotaro Onodera. Alizaliwa tarehe 25 Januari 1938 katika kijiji cha Ishimori, mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki ya Japani, nchi ya mashamba ya mpunga na theluji. Baadaye alichukua jina la kijiji chake likawa jina lake la kazi, Shotaro Ishimori, na katika miaka ya 1980, alipotimiza miaka thelathini ya kuchora, akaligeuza kidogo likawa Ishinomori. Ndilo tunalomjua nalo leo.

Baba yake hakutaka mtoto achore vikatuni. Hilo sina haja ya kulieleza kwa mtu yeyote aliyekulia Kaptagat. Baba yangu mimi aliona mkaa ni wa kupikia, si wa kuchora ng'ombe ukutani, na fimbo yake ilinieleza jambo hilo vizuri sana. Lakini Shotaro alikuwa na dada mkubwa aliyemtangulia kwa miaka mitatu, jina lake Yoshie. Alikuwa mgonjwa wa pumu, muda mwingi yumo ndani, na yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji wa kwanza wa kila alichochora mdogo wake. Ndiye aliyemtetea kwa wazazi. Nami nilikuwa na dada wa namna hiyo, aliyeuza mayai ili nipate penseli, kwa hiyo hapo niliposoma niliweka kitabu chini kwa muda.

Kitu cha pili alichokipenda kijana huyo ni sinema. Kijijini hapakuwa na sinema ya kumtosheleza, basi alipanda baiskeli na kwenda Ishinomaki, mwendo wa saa tatu hivi, hadi kwenye jumba la maonyesho lililokuwa katika kisiwa cha Nakaze, kisiwa kidogo kilichomo mtoni katikati ya mji. Akimaliza kutazama, anapanda tena baiskeli kurudi. Wale waliowahi kuteremka kwa baiskeli kutoka Kaptagat hadi Eldoret kwenda kutazama filamu, kisha wakapandisha usiku huku meno yakigongana kwa baridi, hawatasema kwamba huo ulikuwa mchezo wa mtoto. Mimi nilifanya hivyo mara nne tu. Yeye alifanya hivyo hata sinema ikamwingia mkononi. Picha zake baadaye zikawa na mwendo wa kamera: jicho linakaribia, linarudi nyuma, linatazama kutoka juu, na ukurasa mzima mara nyingine hauna neno hata moja.

Alipokuwa bado shule ya sekondari alituma michoro yake kwa gazeti moja la vijana lililokuwa likipokea kazi za wasomaji. Osamu Tezuka, ambaye Wajapani humhesabu kuwa mkubwa wa wachora katuni wote, aliiona kazi hiyo, akamwita Tokyo aje amsaidie kuchora hadithi yake mashuhuri ya mtoto wa chuma mwenye nguvu za atomiki. Fikiri, mwanafunzi wa kijijini aitwe na mfalme! Mwaka 1954 hadithi yake mwenyewe ilianza kuchapishwa, na mwaka 1956, alipomaliza shule, akahamia Tokyo moja kwa moja.

Huko alikaa katika nyumba ya mbao ya ghorofa moja iitwayo Tokiwa-so, ambamo wachora katuni vijana walipanga vyumba vidogo vya kubanana. Jirani zake walikuwa wale waliokuja kumbuni paka wa buluu Doraemon, na Fujio Akatsuka, bingwa wa vichekesho. Walikopeshana wino na chakula. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1982, na mwaka 2020 mtaa ule ule wa Toshima ukajenga nyingine ya mfano wake iwe makumbusho.

Dada Yoshie alimfuata Tokyo akaishi naye. Mwaka 1958 pumu ikamuua. Shotaro alikuwa na miaka 20 tu. Wanaoijua kazi yake husema kwamba wasichana wengi wapole wenye macho ya huzuni katika hadithi zake ni yeye Yoshie, anarudi kila mara kwa jina jingine. Mimi naamini.

Baada ya hapo hamu ya kuchora ilipungua. Mwaka 1961 alichukua fedha za mkopo, akafunga safari ya kuizunguka dunia, akatembea Marekani na Ulaya, akarudi Japani na kukaa tena mezani. Mwaka 1964 akaanza hadithi ya Cyborg 009: watu tisa wa mataifa mbalimbali wanaokamatwa na wafanyabiashara wa silaha, wanageuzwa nusu mashine ili watumike vitani, kisha wanawaasi waliowageuza.

Hapa lazima nisimame, kwa maana mmoja wa tisa hao, namba 008, ni Mwafrika. Anaitwa Pyunma, anaweza kuogelea chini ya bahari kama samaki, na katika baadhi ya matoleo husemwa kuwa anatoka Kenya. Sisi ndio kwanza tulikuwa tumepata uhuru mwezi wa Desemba 1963, na huko Japani mtu alikuwa akituweka kati ya mashujaa. Ningependa kuishia hapo. Lakini sura aliyompa Pyunma mwanzoni ilikuwa ile ile ya kutudhihaki iliyoenea duniani siku zile, midomo minene kupita kiasi, na sikufurahi nilipoiona. Katika matoleo ya baadaye sura hiyo ilibadilishwa, Pyunma akawa mtu kama watu wengine. Vema. Lakini mtu aliyezunguka dunia angeweza kuliona jambo hilo mapema.

Mwaka 1965 alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana kazi ya uchoraji katuni, na wachoraji wengi wa Japani waliomfuata walianza kwa kitabu hicho. Kisha, mwezi wa Aprili 1971, akaja yule mwenye kichwa cha panzi. Huyo ni Kamen Rider, yaani mpanda pikipiki aliyefunika uso, kijana aliyegeuzwa nusu mdudu na genge la waovu, akatoroka, na sasa anapambana nao juu ya pikipiki. Ilikuwa sinema ya televisheni yenye watu halisi, na watoto wa Japani wakaingiwa na wazimu. Mwaka 1975 akabuni kundi la mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake. Kutokana na mfululizo huo ulioendelezwa na wengine, Wamarekani walitengeneza Power Rangers mwaka 1993. Kwa hiyo wale watoto wa Kenya waliokuwa wakiruka juu ya ua wakipiga mateke hewani, wakigombania nani awe mwekundu, hawakujua kwamba wanacheza mchezo ulioanzishwa na mtoto wa Ishimori. Wangu wawili walivunja ua kwa mchezo huo.

Hakuchora mashujaa tu. Mwaka 1986 alitoa kitabu cha katuni kilichoeleza uchumi wa Japani, na mwaka 1988 chuo kikuu kimoja cha Marekani kikakitoa kwa Kiingereza. Alipofariki tarehe 28 Januari 1998, siku tatu baada ya kutimiza miaka 60, alikuwa ameacha kazi 770, kurasa 128,000. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimtambua miaka kumi baadaye. Gawanya kurasa hizo kwa siku zake za kazi, utapata kurasa nane kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Kabla ya kufa alikuwa amekubali kuusaidia mji wa Ishinomaki, ambao maduka yake yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Makumbusho ya kazi zake yalifunguliwa mwaka 2001, jumba jeupe la mviringo kama chombo cha angani, nalo limesimama katika kisiwa kile kile cha Nakaze alikokwenda kutazama sinema. Sanamu za vikatuni vyake zikawekwa njia nzima kutoka stesheni. Na mwaka 2003 likaja gari moshi la picha.

Halikuwa la kwanza. Tangu mwaka 1993 upande wa magharibi wa Japani walikuwa wamechora mazimwi ya Shigeru Mizuki kwenye magari ya reli ya kwao. Mwaka ule aliokufa Ishinomori, shirika la ndege la ANA lilirusha ndege zenye wanyama wa Pokémon, na mwaka 2005 EVA Air ya Taiwan ikamchora paka Hello Kitty kwenye ndege yake. Hiyo ni biashara, sikatai. Lakini reli ndogo za mashambani hutafuta abiria, na sisi tunaokaa karibu na reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 tunajua ilivyo kusikia mlio wa gari la mizigo likipita, ukakumbuka siku ambazo lilibeba watu.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko likaja, na baada yake bahari. Katika Ishinomaki walikufa watu zaidi ya 3,000. Karibu na stesheni ya Nobiru maji yalilisukuma gari la abiria likapinda nje ya reli. Jumba la Nakaze lilijaa maji ghorofa ya chini, lakini halikuanguka, na sanamu nyingi za barabarani zilibaki zimesimama katikati ya matope. Makumbusho yalifunguliwa tena Novemba 2012. Reli ilichukua muda zaidi, kwa sababu sehemu ya njia ilibidi ihamishwe kutoka pwani ipelekwe juu kwenye vilima. Tarehe 30 Mei 2015 magari yalipita tena njia nzima, kutoka Sendai hata Ishinomaki.

Picha ile nimeibandika ukutani. Wiki iliyopita mwendesha bodaboda mmoja aliingia kunywa maji, akaiona, akaniuliza kama ningeweza kumchorea yule mwenye kichwa cha panzi kwenye tangi la pikipiki yake. Nilimwambia aniletee rangi ya kijani na nyekundu, na aje asubuhi, kabla ya ukungu wa msituni kuilowesha rangi.