James Chuma: Kiongozi wa msafara nyuma ya ramani ya Nyasa hadi Tanganyika

Ramani ya kwanza ya njia ya kutoka Dar es Salaam kupitia Ziwa Nyasa hadi Tanganyika inajulikana kwa jina la Mskoti Joseph Thomson. Ila msafara uliomfikisha Thomson kwa Wanyakyusa mwaka 1879, wakati mji wa Tukuyu bado haujajengwa, ulikuwa mikononi mwa Mwafrika: James Chuma.

Chuma alikuwa Myao, kazaliwa karibu mwaka 1850. Akiwa mtoto aliingia utumwani. Mwaka 1861 David Livingstone na wamisionari walioandamana naye waliuzuia msafara wa watumwa huko Shire, Malawi ya leo, na yeye akawa miongoni mwa waliofunguliwa.

Kuanzia 1866 alitembea na Livingstone. Mzee huyo alipofariki Mei 1873, Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba pamoja na maandishi yake hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Mwaka huohuo Chuma na Susi walikwenda Uingereza, wakasaidia kufafanua maandishi hayo ili yachapishwe kitabu.

Basi Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipotaka kuijua njia kati ya Nyasa na Tanganyika, Chuma akaajiriwa kuwa mkuu wa msafara. Bosi wake alikuwa Keith Johnston, mtoto wa familia ya wachora ramani wa Edinburgh.

Walitoka Dar es Salaam Mei 1879. Juni 28, Johnston akafa kwa kuhara damu huko Behobeho. Aliyebaki kuongoza ni Thomson, mwanajiolojia wa miaka 21 tu, ndiyo kwanza anaijua Afrika.

Hapo ndipo uzoefu wa Chuma ulipohitajika kweli. Wapagazi walikuwa wengi, zaidi ya mia moja, na wangeweza kutawanyika. Chuma alijua lugha kadhaa, alijua kuongea na machifu, kutafuta chakula na kuomba njia. Wakavuka Uhehe na Ubena, na Septemba wakashuka kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Novemba wakafika Tanganyika.

Ramani za safari enzi hizo zilichorwa kwa dira, kwa kuhesabu saa za kutembea, na kwa majina ya mito na vijiji yaliyotajwa na wenyeji. Mzungu alishika kalamu, lakini majina hayo aliyapata kupitia wakalimani.

Msafara ulirudi pwani 1880. Mwaka uliofuata Thomson akatoa kitabu, na baadaye hata swala tomi wa Serengeti akapewa jina lake.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Bila yeye, huenda safari ile ingeishia kwenye kaburi la Behobeho.