Kenyatta, mwanafunzi wa lugha usiyemjua

Ukiwa stejini Kitengela ukingoja matatu ya Kajiado, hebu angalia mkono wa jirani yako. Huenda amevaa shanga za Kimaasai. Basi nikuambie: jina Kenyatta, hilo unalolisikia kila siku, lilitokana na shanga kama hizo.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana Johnstone Kamau alienda Narok kwa jamaa zake Wakikuyu walioishi na Wamaasai, asije akashikwa na Waingereza kufanyishwa kazi ya vita. Akaanza kuvaa mshipi wa shanga, ambao kwa Kikuyu huitwa kinyata. Jina likamganda.

Hiyo pengine ulishaisikia. Lakini ulijua alilipwa kuongea Kikuyu? Kati ya 1935 na 1937 alikuwa msaidizi wa fonetiki pale University College London. Yeye anatamka, Lilias Armstrong anasikiliza na kuandika sauti inapopanda na inaposhuka. Kitabu kilitoka 1940. Mwandishi: Armstrong peke yake.

Miaka hiyohiyo alisomea anthropolojia London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski. Na sikiza vizuri: digrii ya kwanza hakuwa nayo. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo nilisoma mara mbili. Alichokuwa nacho ni lugha na mila za kwao, akaketi chini kuzifanyia kazi. Mwaka wa 1938 utafiti wake ukawa kitabu, Facing Mount Kenya, na safari hii jina la mwandishi ni lake: Jomo Kenyatta. Si yote humo ya kusifu. Alitetea ukeketaji, na hapa Kajiado kuna wasichana ambao bado wanaukimbia.

Alirudi nyumbani 1946, akafungwa, akawa rais, akafa 1978. Hayo ulifunzwa shuleni.

Kimaasai nacho kilipata zamu yake. Mwaka wa 1955 ilitoka sarufi yake yenye waandishi wawili: A. N. Tucker, na Mmaasai mwenyewe, John Tompo ole Mpaayei. Msemaji wa lugha hakuachwa nje ya jalada.

Kwa hivyo leo jioni nyanya yako akikuongelesha lugha ya kwenu, usimjibu kwa Sheng ukirudi kwa simu. Muulize neno hilo maana yake nini, uliandike. Usipoandika wewe, ataandika mwingine, na kitabu kitakuwa chake.