MAISHA YA MAREHEMU ANDREW FOSTER

Hapa Gisimenti nimewauliza vijana wengi habari za Andrew Foster, wala hawamjui, ingawa alifia katika nchi yetu hii ya Rwanda. Kwa hiyo nimeona vema niwasimulie maisha yake kwa ufupi.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani, mwana wa mchimba makaa. Alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo, wakawa viziwi wote wawili. Shule ya viziwi weusi ya Talladega haikumpa elimu kupita darasa la sita. Akahamia Detroit, akafanya kazi huku akisoma kwa njia ya posta. Chuo cha Gallaudet kilimkataa mara nyingi kwa sababu ya rangi yake, hakukata tamaa. Alikubaliwa mwaka 1951, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii pale.

Mwaka 1957 alifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini Ghana, mjini Accra. Baadaye ikahamia Mampong. Si mbali na Mampong kipo kijiji cha Adamorobe, ambako uziwi hurithiwa. Mwaka 1998 wataalamu walitangaza kwamba wameona huko kasoro katika jeni iitwayo GJB2. Mwenye kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu husikia vizuri; lakini wawili wa namna hiyo wakizaa, kwa wastani mtoto mmoja katika wanne huzaliwa kiziwi. Basi si laana, wala si kosa la mama.

Kipimo hicho kisingeonyesha chanzo cha uziwi wa Foster, kwani yeye aliupata kwa maradhi. Ndiyo faida ya kupima: tusione ndugu wawili viziwi tukakimbilia kulaumu ukoo.

Foster alianzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika. Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo kwenda Kenya. Ikaanguka upande wa Gisenyi, naye akafariki.

Wenzangu, mtoto asiyesikia na apimwe, tujue sababu. Lakini tusingoje majibu ndipo tumfundishe lugha ya ishara na kumpeleka shule. Sababu za uziwi ni nyingi. Haja ya elimu ni moja.