Archimedes: Mtu Aliyethibitisha Eneo la Duara

Mtahiniwa, kanuni ya eneo la duara umeikariri tangu shule ya msingi. Je, ikikutoka kichwani ndani ya chumba cha mtihani, utaweza kuipata tena? Soma habari za mtu huyu, kisha ujibu.

Maisha yake

Archimedes alizaliwa mnamo mwaka 287 K.K. huko Syracuse, mji wa Wagiriki katika kisiwa cha Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Archimedes aliandikiana na wanahisabati wa Alexandria, Misri, akiwemo Eratosthenes, aliyekadiria mzingo wa dunia.

Kazi yake kuhusu duara

Eneo la umbo lenye pande zilizonyooka lilikwisha kujulikana. Duara halina upande ulionyooka, na hapo ndipo penye ugumu. Archimedes alithibitisha kwamba eneo la duara ni sawa na eneo la pembetatu mraba ambayo kitako chake ni mzingo wa duara na kimo chake ni nusu kipenyo. Eneo la pembetatu unalijua: nusu ya kitako mara kimo. Kwa hiyo:

Eneo = ½ × mzingo × nusu kipenyo
= ½ × 2πr × r
= πr²

Kisha akachora umbo lenye pande 96 ndani ya duara na jingine nje yake. Kwa kukokotoa mizingo yake, alionyesha kuwa pai ni kubwa kuliko 3 10/71 na ni ndogo kuliko 3 1/7. Hiyo 3 1/7 ndiyo 22/7 unayoitumia.

Kifo chake

Warumi walipouzingira mji wa Syracuse, mashine alizobuni Archimedes ziliwazuia kwa muda mrefu. Mji ulitekwa mwaka 212 K.K. Inasimuliwa kwamba askari mmoja alimuua, ingawa jemadari Marcellus alikuwa ameagiza asidhuriwe.

Matumizi: chini ya mkorosho

Chukua shamba la Chilangala, Newala, lenye mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kila mti una eneo la 12 × 12 = mita za mraba 144. Tuseme matawi yameenea kama duara hadi kukaribia kugusa ya mti wa jirani. Kipenyo hukipimi kwa urahisi, maana shina liko katikati. Zungusha kamba chini, ukifuata ukingo wa matawi: utapata mzingo wa mita 37.7 hivi. Kutoka katikati ya shina hadi ukingoni ni mita 6.

Eneo = ½ × 37.7 × 6 = mita za mraba 113.1

Linabaki eneo la 144 − 113.1 = mita za mraba 30.9. Matawi yanagusana, lakini zaidi ya moja ya tano ya ardhi bado iko wazi. Jicho pekee lingekudanganya. Kamba na hesabu havikudanganyi.

Kumbuka: mzingo ni urefu, hutajwa kwa mita. Eneo hutajwa kwa mita za mraba. Usivichanganye.

Jipime

1. Mdomo wa kisima una mzingo wa mita 4.4. Tafuta nusu kipenyo, kisha eneo lake. (Tumia π = 22/7)
2. Kwa kutumia kazi ya Archimedes, eleza kwa nini 22/7 si thamani kamili ya pai.

Jibu la 1: mita 0.7, mita za mraba 1.54.