Alfred Treibs: Mkemia aliyeona masalio ya majani ndani ya mafuta

JINA la Alfred Treibs halivumi nje ya maabara. Hata hivyo, mkemia huyo Mjerumani, aliyezaliwa mwaka wa 1899, ndiye anayetambuliwa kuwa mwasisi wa taaluma ya kuchunguza, kwa njia ya kemia, mabaki ya viumbe yaliyofichika katika miamba na mafuta.

Treibs alifunzwa jijini Munich na Hans Fischer, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930 kwa utafiti kuhusu rangi ya damu na ya majani. Hapo ndipo alipozizoea porfirini, ukoo wa kemikali unaojumuisha klorofili, ile inayoyapa majani ukijani wake.

Siku hizo chanzo cha mafuta kilikuwa kingali kikibishaniwa. Dmitri Mendeleev wa Urusi, yule wa jedwali la elementi, alikuwa ameshikilia kwamba mafuta hutokana na maji kukutana na madini yenye kaboni katika vilindi vya ardhi, wala hayahusiani na uhai.

Kuanzia mwaka wa 1934, Treibs alichapisha matokeo yaliyoutikisa msimamo huo. Alikuta porfirini ndani ya mafuta ghafi. Magnesiamu, ambayo ndiyo kiini cha klorofili, ilikuwa imetoweka na vanadiamu ikashika nafasi yake, lakini umbo la asili lilitambulika bado.

Hoja yake ya pili, pengine nzito kuliko ya kwanza, ilihusu joto. Porfirini huvunjika zikipashwa moto mkali. Maadamu zimo, mafuta hayo hayakupitia tanuri kali chini ya ardhi.

Waliomfuata waliendeleza wazo hilo. Walilinganisha aina za porfirini, kisha mabaki ya mwani na bakteria, ambayo hubadilika umbo kadiri mwamba unavyozidi kupata joto. Kwa uwiano huo hujulikana iwapo mwamba ungali mbichi, umeiva, au umepita kiasi ukabakisha gesi tu. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na mwamba mbichi haujatoa mafuta ya kuchotwa.

Fischer hakuyaona hayo. Alijitoa uhai mwaka wa 1945, baada ya maabara yake kuharibiwa kwa mabomu. Treibs alijaliwa umri mrefu: tuzo yenye jina lake ilianza kutolewa mwaka wa 1979 naye akiwa hai, akafariki mwaka wa 1983.